Njegere hazioti, hazizai, haziivi: shida zinazojirudia na wapi uanze kuangalia

Kila msimu maswali ya njegere yanakuja yale yale. Mtu wa Lushoto analalamika majani ya njano, wa Njombe maua yanadondoka, Mkenya wa Kinangop ananiambia minji yake (ndivyo wanavyoita njegere) imepakwa unga mweupe, halafu kuna wale ambao shamba hawana kabisa ila wamechemsha masaa matatu na bado haziivi. Nimeyapanga hapa kwa dalili, yaani wewe tafuta kile unachokiona kwako, soma hapo, na nimeanza na sababu inayotokea sana nikashuka hadi ile ya nadra. Njegere ndio mwenye nyumba humu lakini maharage, kunde, mbaazi na karanga nao wataingia pale wanapoumwa ugonjwa wao wenyewe.

Ombi moja kabla hujakimbilia duka la pembejeo. Ng'oa mche mmoja unaoumwa na mmoja mzima, ng'oa kwa jembe au panga usiuvute kwa mkono maana mizizi itabaki chini, uoshe taratibu kwenye ndoo, uilaze yote miwili kwenye gunia uitazame: mizizi, shina pale linapogusa udongo, na chini ya majani. Dakika kumi tu. Nasema hivi kwa sababu shida nyingi sana ninazoletewa hazina dawa ya chupa, na mtu anakuwa ameshapiga dawa mbili tatu za bei kali kwenye mmea ambao kilichokuwa kinausumbua ni maji yaliyotuama.

Na jambo la kujua mapema, njegere ni zao la baridi. Inastawi vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 13 na 20 hivi, likianza kupita 27 maua yanaanza kukataa. Ndio maana utaikuta Usambara, Njombe, milima ya Mbeya, Molo, Timau, sehemu za juu juu huko. Ukiwa Dar, Mombasa au Tanga mjini unaweza ukaiotesha ikapendeza kabisa wiki za mwanzo halafu ikakuvunja moyo kwenye maua. Huko chini panda kunde, choroko na mbaazi, lishe yake haipungukiwi kitu na hizo joto ni nyumbani kwao.

"Nimepanda wiki mbili sasa, zimeota chache tu"

Usiulize mtu, fukua. Chukua kijiti ufukue pale mbegu ilipopaswa kuwa. Ukiikuta laini, inanuka na ukibinya inatoa ute, imeoza kwa maji. Ukiikuta ngumu vile vile ulivyoipanda, udongo ni mkavu au umepanda kwenye vumbi juu juu. Usipoikuta kabisa basi kuna njiwa, panya au kuchakuro anayekula shambani kwako. Hayo matatu yana tiba tofauti kabisa na mtu akikushauri bila kukuuliza umekuta nini huko chini, huyo anabahatisha.

Sababu namba moja lakini ni mbegu yenyewe. Watu wananunua njegere za kupikia sokoni wanapanda. Zile za kijani zilizomenywa hazijakomaa hazitaota za maana, na zile kavu zilizopasuliwa nusu nusu haziwezi kuota hata ufanyeje. Zile kavu nzima zinaweza kuota ila huwezi kujua zimekaa ghalani miaka mingapi. Fanya hivi kabla ya kupanda: chukua punje 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka sehemu yenye kivuli, kitambaa kisikauke, baada ya siku 7 hesabu. Zikiota 16 au zaidi panda bila wasiwasi, zikiota 12 panda kwa kubananisha kidogo, chini ya hapo usipoteze shamba. Ukinunua ya paketi angalia lebo ya wakaguzi wa mbegu, TOSCI kwa Tanzania, na kwa Kenya ile ya KEPHIS, na tarehe pia uisome.

Kina ni sentimita 3 hadi 5. Udongo wa mfinyanzi usizidishe 3, na kama eneo lako maji yanasimama baada ya mvua inua matuta.

Kama zilikuwa zimeota vizuri halafu asubuhi unakuta miche imelala imekatwa pale chini kama kwa wembe, hao ni sota. Fukua kuzunguka shina, sentimita mbili tatu tu, utamkuta funza mnene wa rangi ya kijivu amejikunja duara. Anafanya kazi usiku, mchana analala hapo hapo, kwa hiyo shamba dogo ukitoka alfajiri siku chache mfululizo unawamaliza kwa mkono.

ONYO: mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu, pinki au bluu zina sumu. Zikibaki usizioshe ukapika, usiwape kuku. Kuosha hakuondoi.

"Majani yanageuka njano"

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndipo pesa nyingi zinapotea. Kwanza cheki njano iko wapi. Kama ni majani ya chini kabisa tu na mmea umeshabeba maganda, huo ni uzee, achana nao. Kama mmea mzima ni wa kijani hafifu na umedumaa, au njano inapanda juu haraka, endelea kusoma.

Maji kwanza. Chukua udongo wa kina cha kiganja ufinye mkononi. Ukitoa maji, mizizi inakosa hewa, simamisha kumwagilia, chimba mfereji, subiri siku 4 au 5 uone. Watu wanaona njano wanaongeza maji, mmea unazidi, wanaongeza tena.

Udongo ukiwa sawa angalia vinundu kwenye mizizi ya ule mche uliong'oa. Njegere inajitengenezea naitrojeni yake ikisaidiana na bakteria wanaoishi kwenye vile vinundu vidogo, na mmea wa wiki 4 hadi 5 unatakiwa uwe navyo. Kipasue kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa na rangi ya pinki au nyekundu kama damu iliyochanganyika na maji, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe bado kichanga au hakifanyi kitu, kijani au kahawia kimechoka. Kama havipo kabisa mmea una njaa, na hapa kuna kitu wengi hawakijui: bakteria wa maharage sio wale wa njegere, na wa kunde na mbaazi nao ni wengine tena. Shamba linaweza kuwa limelimwa maharage miaka yote likazaa sana, ukaweka njegere zikakaa njano. Dawa ya hili ni chanjo ya mbegu, yaani ule unga wa bakteria unaochanganya na mbegu siku ya kupanda. Kenya inauzwa kwa jina la Biofix. Muhimu ni kwamba paketi iwe imeandikwa ni ya njegere, iwe imekaa pasipo jua, uchanganye kivulini, na upande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Usiichanganye na mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu, utawaua bakteria uliowanunua.

Kwa mmea ambao tayari uko shambani na hauna vinundu, weka mbolea ya kukuzia kidogo mara moja uokoe msimu, na msimu ujao ndio uchanje.

Ukikosa jibu hapo ndio unaingia kwenye magonjwa. Mizizi ikiwa meusi na inachunika kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, ni kuoza mizizi na mara nyingi kumetokana na yale maji tena. Mizizi ikiwa inaonekana mizuri tu lakini mmea unanyauka, pasua shina kwa urefu kuanzia chini, ukiona mstari wa kahawia au wekundu wa matofali katikati ya shina, huo ni mnyauko fusari. Huu hauna tiba, nasema tena hauna, asikuuzie mtu chupa. Ng'oa, toa nje ya shamba, choma, na usirudishe njegere hapo kwa miaka mingi, weka mahindi, ngano au kabichi. Vimelea vyake vinakaa ardhini muda mrefu sana hata bila njegere, kwa hiyo ukipata nafasi ya kununua mbegu inayostahimili mnyauko nunua.

Kwa maharage ongeza hili: miche michanga ya wiki 2 au 3 ikiwa njano na shina pale chini limevimba na kupasuka, chana uone, utakuta funza wadogo au vifuko vya kahawia. Huyo ni inzi wa maharage. Pandishia udongo kwenye shina ili mmea utoe mizizi mipya juu ya jeraha, nyingi zinapona. Msimu ujao panda mapema mvua zikianza maana wanaochelewa ndio wanaoliwa zaidi.

Wapi uishie mwenyewe: kama njano inatokea kama duara linalokua kila siku, au umeshakagua maji, vinundu na shina hujapata kitu, acha kubahatisha, mwite afisa ugani. Ukimpelekea sampuli peleka mmea mzima na udongo wake kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, sio nailoni inaoza njiani. Kwa udongo, Tanzania kuna maabara ya TARI Mlingano huko Muheza, na SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nao wanapima. Kenya kuna KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo.

"Zimestawi hatari, majani mpaka kiunoni, ila maua hakuna"

Ukiniambia hivi swali langu la kwanza ni uliweka urea kiasi gani. Mara nyingi jibu linaishia hapo. Njegere ikilishwa naitrojeni kupita kiasi inaendelea kujenga majani, na vinundu vyake vinalala kwa sababu hakuna haja ya kufanya kazi. Samadi mbichi ya kuku inafanya vile vile. Njegere inahitaji zaidi fosfori wakati wa kupanda, DAP kidogo au TSP au Minjingu, na samadi iliyooza vizuri. Kama umeshazidisha, acha kabisa kuongeza, punguza maji kidogo, subiri. Kuna mbegu pia zinazorefuka zenyewe, hizo zinataka fito na zinachelewa kutoa maua kuliko zile fupi, soma paketi kabla hujaanza kulaumu mbolea. Kivuli cha migomba au parachichi ni sababu nyingine, rahisi kuiona.

Kwenye mbaazi hadithi ni tofauti kabisa na nataka nikae hapa kidogo. Mtu anatoa mbegu ya mbaazi Babati anaipeleka Lindi au pwani, mti unakuwa mkubwa kama wa kivuli na hautoi maua kwa wakati wake. Zile mbaazi za muda mrefu zinasoma urefu wa mchana na joto la mahali. Kule kaskazini zinapandwa na mahindi mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili, mahindi yanavunwa, zenyewe zinabaki na ubaridi wa katikati ya mwaka ndio unaozifanya zitoe maua, zinavunwa Agosti, Septemba. Ukizipeleka kwenye joto zinachanganyikiwa. Ukanda wa chini unataka zile za muda wa kati, na aina zenye majina kama Mali na Tumia zilizotolewa Tanzania kila moja ina eneo lake, kwa hiyo muulize muuzaji "hii ni ya mwinuko gani" na asipojua nenda kwa mwingine. Tena ukilima mbaazi nyingi jua utamuuzia nani kabla hujapanda. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi za kuagiza, bei huku kwetu ikaporomoka watu wakabaki na magunia ndani. Hilo sio ugonjwa wa shamba lakini limewarudisha nyuma wakulima wengi kuliko mnyauko.

"Maua yapo, yanadondoka. Au maganda yanatoka matupu"

Joto, halafu kiu, halafu wadudu, kwa mpangilio huo. Ukipanda ili maua yaangukie kwenye miezi ya joto umeshapoteza, rudisha kalenda nyuma: ganda la kijani linavunwa siku 60 hadi 90 toka kupanda kutegemea mbegu na mwinuko, kwa hiyo hesabu maua yatakuja lini na wakati huo kwenu kukoje. Wakati wa maua na wakati ganda linajaa ndio wakati pekee ambao njegere haisamehi kukosa maji, mwagilia chini asubuhi, na tandaza nyasi kavu udongo usichemke.

Watu wananiuliza sana kuhusu nyuki. Njegere inajichavusha yenyewe ua likiwa bado halijafunguka vizuri, kwa hiyo kukosa nyuki sio sababu. Ila usipige dawa wakati wa maua hata hivyo, jirani ana maboga na parachichi yanayowategemea.

Ganda likiwa na tundu la duara na ndani kuna kinyesi kama unga wa kahawia, ni funza wa vitumba. Shamba la familia okota kwa mkono jioni. Kwenye mbaazi funza huyu ndiye adui mkubwa kabisa, hapo shamba likiwa kubwa ongea na afisa ugani kuhusu dawa na siku ya kupiga, maana akishaingia ndani ya ganda dawa haimfikii.

Na kama zilikuwa zinazaa halafu zimeacha ghafla, vuna. Ukiacha maganda yakomae kwenye mmea unaona kazi yake imeisha. Kila siku 2 au 3 pita.

Unga mweupe, madoa, mistari, majani yaliyojikunja

Unga mweupe juu ya jani: pitisha kidole. Ukitoka wote ukaacha jani safi na haurudi ni vumbi la barabarani. Ukibaki na doa na kesho kutwa umerudi ni ubwiri unga. Unapenda mchana mkavu wenye joto na usiku wa baridi, ndio maana unakuja mwishoni mwa mvua. Ukiwa umebakiza wiki moja kuvuna usihangaike nao. Ukija mapema, salfa ya kuchanganywa na maji inafanya kazi vizuri kama umewahi, ila usiipige jua likiwa kali itaunguza majani, piga asubuhi au jioni. Panda kwa nafasi hewa ipite.

Kama ukungu uko chini ya jani, wa kijivu, na juu yake kuna doa la njano, huo ni ubwiri vinyoya, ndugu wa mvua na ubaridi. Salfa haiusaidii.

Madoa ya kahawia au meusi kwenye majani, shina na maganda wakati wa mvua nyingi ni ugonjwa unaosafiri ndani ya mbegu. Usihifadhi mbegu kutoka shamba hilo, na usitembee shambani majani yakiwa na umande, unausambaza kwa suruali yako.

Mistari myeupe iliyopindapinda ndani ya jani ni viwavi wa inzi mdogo wanaotembea katikati ya jani. Majani machache toa kwa mkono. Anayelima kwa ajili ya kusafirisha nje lazima awe makini zaidi hapa, mzigo unaweza kukataliwa kwa ajili yao.

Majani ya juu yamejikunja na yananata: geuza, vidukari. Maji ya nguvu kutoka kwenye bomba, kisha maji ya sabuni ya mche kidogo, rudia baada ya siku 3. Ukiona wadudu wekundu wenye madoa meusi na watoto wao weusi wanaofanana na vimamba vidogo, usipige kitu, hao wanakula vidukari kwa ajili yako.

ONYO la dawa, na hapa siongei kwa upole. Nunua dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu (Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB), yenye lebo, iliyoandikwa inafaa kwa zao hilo. Dawa ya pamba usiipige kwenye mboga. Kila lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ziheshimu, njegere zinavunwa mara kwa mara na hapo ndipo watu wanakula sumu bila kujua. Ikitokea mtu amepiga dawa akaanza kutoka jasho jingi, mate, kutapika, kuona ukungu, misuli kutetemeka au kupumua kwa shida: mtoe eneo hilo, mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, hospitali mara moja na chupa yenye lebo mkononi. Usimlazimishe kutapika, usipoteze muda na maziwa.

"Nimehifadhi kunde, nimefungua nimekuta vumbi na matundu"

Wadudu hawa wameingia tangu shambani, wanataga kwenye maganda yakiwa yanakauka. Tazama punje ya kunde kwa karibu, vile vidoa vyeupe vilivyogandishwa kwenye ngozi yake ni mayai. Kwa hiyo vuna mapema ikishakauka, usiache inaning'inia shambani.

Kausha kweli. Kipimo cha nyumbani: chupa ya kioo kavu, chumvi kavu kijiko, punje nusu chupa, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo bado kuna unyevu, rudisha juani. Ikishakauka tumia mifuko ya PICS, ile ya nailoni mbili ndani na gunia nje, ambayo ilibuniwa mahususi kwa kunde kabla watu hawajaanza kuitumia kwa mahindi. Funga kila nailoni peke yake, toa hewa, wadudu wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. Usifungue fungue kila siku, na tundu la panya likitokea imeisha hiyo.

ONYO: vile vidonge vya kufukizia nafaka vinatoa gesi inayoua watu. Usiviweke kwenye nyumba mnayolala, hata chumba cha pili, hata stoo iliyoungana na chumba cha watoto. Kufukiza ni kazi ya mtaalamu.

Karanga na unga wa lishe vina hatari yake, sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, na chanzo kikubwa kilikuwa mahindi. Karanga iliyokunjamana, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au chungu, tupa, usiichambue kwa ajili ya uji wa mtoto. Kukaanga na kuchemsha haiondoi sumu hiyo.

Jikoni: "nimechemsha mpaka mkaa umeisha, bado ngumu"

Kwanza umri. Maharage au njegere kavu zilizokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu zinagoma, na hazitarudi kuwa laini kama mpya. Pili umeweka nyanya, ndimu au ukwaju mapema. Tindikali inazuia ganda kulainika, viungo hivyo vinaingia zikishaiva. Tatu maji ya kisima yenye chokaa, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Jaribu kupika sufuria moja kwa maji ya mvua ulinganishe.

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa mapya. Chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea haidhuru, inasaidia kulainisha. Magadi yanaivisha haraka kweli ila yanaharibu vitamini B1, weka ncha ya kijiko au acha kabisa kama chakula ni cha mtoto au mama mjamzito.

Kama ni njegere mbichi za kijani na zimekuwa na ladha ya unga, zimekaa sana toka kuvunwa. Sukari yake inageuka wanga haraka, hasa kwenye joto, kwa hiyo nunua zilizo kwenye maganda yenye kung'aa yanayolia ukiyavunja na upike siku hiyo. Za kuweka friza zichovye kwenye maji yanayochemka dakika 2, kisha maji ya baridi sana, kausha, ndio ugandishe. Na usizichemshe mpaka ziwe rangi ya khaki. Gramu 100 zikiwa mbichi zina protini gramu 5 hivi, nyuzinyuzi gramu 5 na vitamini C miligramu 40, hiyo vitamini C ndiyo unayoimwaga na maji. Kwenye wali au nazi ziingie mwishoni, dakika 5 hadi 8 zinatosha.

"Tumbo linajaa gesi"

Ni sukari fulani za jamii ya kunde ambazo utumbo hauwezi kuzisaga, bakteria wa chini ndio wanazila na kutoa gesi. Kulowesha na kumwaga maji kunapunguza, kuivisha vizuri kunapunguza, na kuanza na vijiko vichache kila siku badala ya sahani nzima Jumapili kunasaidia zaidi ya yote, tumbo linazoea ndani ya wiki chache. Gesi ikiambatana na damu kwenye choo, kukonda au maumivu yanayokuamsha usiku, hiyo sio njegere, nenda kapimwe.

Kutapika na kuharisha masaa machache baada ya kula maharage mekundu ni jambo lingine. Yakiwa hayajaiva yana sumu. Lazima yachemke kwa nguvu, yatokote, angalau dakika 10, na yale majungu ya umeme ya moto mdogo hayafai kwa hatua hiyo.

"Tunakula maharage kila siku na mtoto bado damu iko chini"

Cheki chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, isogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Halafu weka kitu chenye vitamini C hapo hapo: chungwa, ndimu mezani, pilipili hoho, embe, nyanya mbichi. Dagaa au nyama kidogo kwenye sufuria inasaidia chuma cha maharage kiingie. Kenya wana maharage ya Nyota yaliyozalishwa yawe na chuma zaidi, yakipatikana kwenu panda. Lakini mtoto mweupe viganja, anayechoka, anayepumua haraka, usimtibu kwa sufuria, inaweza kuwa malaria, minyoo au selimundu, apimwe.

Mtoto wa miezi 6 na kuendelea njegere zake ziponde, nzima zinakaba. Na watoto wanapenda kuziingiza puani na masikioni, jamani. Ikitokea usimwagie maji, punje kavu inavimba na inazidi kukwama, usichokonoe kwa kijiti, mpeleke hospitali.

Mgonjwa wa figo asiongeze jamii ya kunde kwenye mlo kabla hajaongea na daktari wake. Na kwa walioko Oman na Ghuba ambako ful iko kila asubuhi: watu wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao kwetu pwani wapo wengi kwa sababu ya historia ya malaria, chembe zao za damu zinaweza kuvunjika baada ya kula hayo maharage mapana ya ful. Dalili ni mkojo wa rangi ya soda nyeusi, macho ya njano na kuishiwa nguvu ndani ya siku moja mbili. Hapo hakuna cha kusubiri, ni hospitali usiku huo huo, na mwambie daktari umekula nini.